Jinsi Nilivyougeuza Mlima Sanya Juu

Wanangu mnaotengeneza kompyuta, mimi nimestaafu kwa sababu ya macho. Mikono bado ina nguvu, lakini skrubu za siku hizi zimekuwa ndogo kama chawa. Sasa nakaa Shirimatunda, pembeni mwa Moshi, na ng'ombe wawili ambao hawajawahi kuniuliza nywila. Hata hivyo simu zenu hazikomi, na karibu zote huanza hivi:

“Shikamoo mzee. Kuna kompyuta inakataa kuinstoli programu.”

“Marahaba. Imesema nini?”

“Imekataa tu.”

“Imekataa kwa maneno gani?”

“Aa, ile meseji nimeshaifunga, mzee.”

Kufunga ujumbe wa kosa bila kuusoma ni sawa na kumziba mgonjwa mdomo kisha kumuuliza anaumwa wapi. Siwasemi kwa sababu nawazidi akili. Nawasema kwa sababu niliwaziba wagonjwa wengi kuliko ninyi nyote, na mmoja wao karibu aniharibie jina kuanzia Sanya Juu hadi mjini.

Aliyenifundisha kazi alikuwa fundi wa taipureta, Fundi Elinami. Nilimwendea nikiwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo mama yangu aliwaambia majirani kuwa bado hayajatoka, na akaendelea kuwaambia hivyo mpaka wakaacha kuuliza. Kompyuta zilipoanza kuingia maofisini, Elinami alizichukia, akasema ni taipureta zilizolelewa vibaya, lakini alijifunza kuzitengeneza kwa sababu taipureta zilikuwa zinaisha na tumbo lilikuwa haliishi. Alikuwa na sheria moja tu: “Kabla hujamtibu mgonjwa, mwandikie wosia.” Maana yake, kabla hujagusa chochote, nakili kila kilichomo ukiweke mahali pengine. Nilimsikia akisema hivyo miaka mingi. Niliifuata sheria ile siku zote alizokuwa amesimama nyuma yangu.

Niwape mfano mdogo kwanza wa ufundi wangu. Ofisi moja ya usharika, sitaitaja, ilikuwa na kompyuta iliyozimika kila baada ya nusu saa. Nikasema mfumo umeharibika, nikaufuta, nikauweka upya. Ikazimika. Nikauweka tena. Ikazimika. Mara ya tatu nikamwambia katibu muhtasi kuwa umeme wa eneo lile ni mchafu. Yeye akanyanyua kile kitambaa cha kufuma alichoifunikia kompyuta, kizuri, chenye mawaridi pembeni, ili akitandike kwenye sinia la chai yangu, nami nikauona mlango wa hewa wa kompyuta uliokuwa umefunikwa na mawaridi yale muda wote. Ilikuwa inakosa pumzi. Nikainywa chai, nikasema, “Sasa jaribu,” nikaondoka na heshima yangu. Sijamwambia mpaka leo. Kwa hiyo mkiingia nyumba yoyote ya huku kwetu, vueni kwanza vitambaa. Wamama wetu hufunika redio, hufunika televisheni, na nadhani wangeweza wangeufunika na mlima.

Sasa nije kwa Mama Aikande.

Mama Aikande ana karakana ya sweta pale Sanya Juu, ambako asubuhi ya mwezi wa saba hata jogoo huwika kwa kutetemeka. Ana wanawake wanane na mashine moja kubwa ya kufuma, aliyoinunua kwa masista waliofunga karakana yao. Mashine hiyo haijui picha yenyewe. Picha huchorwa kwenye kompyuta, kitanzi kwa kitanzi, kwa programu iliyokuja nayo, kisha kompyuta huipelekea mashine kwa waya mnene wa kizamani. Bila kompyuta, mashine hufuma sweta tupu.

Kompyuta yenyewe ilikuwa kuukuu, rangi yake ilikuwa imegeuka ya meno ya mvuta kiko, na ikiwaka ililia kama mashine ya kusaga. Programu ilikuwa ya zamani vilevile. Ukiipeleka kwenye kompyuta mpya inakataa kabisa, kwa sababu kompyuta mpya haielewi lugha yake.

“Fundi,” Mama Aikande aliniambia siku ya kwanza, “hii ikifa, tumekufa. Kuna shule moja kule Moshi inachukua sweta zetu kila Januari. Wanataka nembo yao kifuani, mlima na kitabu. Nikiwapelekea sweta tupu watakwenda kununua za dukani, na hawa wamama warudi kulima. Sasa ni Novemba.”

“Hakuna shida, Mama,” nikasema. Chukueni hilo kama dalili. Fundi akisema hakuna shida kabla hajafungua kifuniko, shida imeshaingia.

Nikamweleza mpango. Tungenunua kompyuta mpya, halafu tuihamishie ndani yake ile ya zamani nzima, mfumo wake, programu na nembo zote, ikae humo kama kompyuta pepe. Isingekuwa na mwili, lakini ingeendelea kufanya kazi ikidhani bado inao.

Ndeshi, mwanamke anayeiendesha ile mashine ya kufuma, aliacha uzi akanitazama. Ndeshi ana watoto watatu na ulimi mmoja unaotosha familia sita.

“Kwa hiyo itakuwa marehemu asiyejua kuwa amekufa?”

“Ndiyo hivyo hasa.”

“Tunao wengi hapa Sanya,” akasema, akarudi kwenye uzi wake. “Ila hao hawafumi.”

Kazi yenyewe si ngumu mkiifanya kwa utaratibu. Unaifungua kompyuta ya zamani ikiwa imezimwa, unatoa diski yake, unaiunganisha na kompyuta yako kama mgeni asiyeruhusiwa kugusa kitu, unainakili yote, kisha ile nakala ndiyo unayoifanyia majaribio. Diski ya asili unaifunga kwenye kitambaa, unaificha. Hapo ndipo mawaridi yana kazi.

Mimi niliibeba kompyuta mpaka Moshi, nikaiweka mezani, nikaiwasha. Nilitaka tu kuiona ikiwaka. Ikaniletea maandishi meupe, marefu, ikieleza kuwa diski ina matatizo na kuuliza kama nataka irekebishwe. Nikabonyeza ndiyo, nikaenda kula kiburu, zile ndizi zetu na maharage. Niliporudi, diski ilikuwa inapiga ka, ka, ka, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba iliyohamwa. Haikuwaka tena.

Wanangu, diski inayougua hairekebishwi. Inanakiliwa. Ukiiambia ijirekebishe, unaifanya ipitie kila kona yake kwa nguvu ambazo haina, sawa na kumpeleka mgonjwa wa moyo kupanda Kibo ili apate hewa safi. Na swali lile lilikuwa limeandikwa. Ningelisoma lote ningeona mstari wa mwisho uliosema vitu vinaweza kupotea.

Vilipotea. Nembo zote za Mama Aikande, alizozichora mwenyewe kitanzi kwa kitanzi tangu siku ya kwanza ya karakana, zilikwenda. Nilijaribu kila nilichokijua. Kuna mtu alinishauri niiweke diski kwenye friji, nikaiweka, karibu na maziwa. Mke wangu aliuliza inapikwaje.

Ninyi vijana wa sasa labda mngemtumia Mama ujumbe wenye kichwa cha katuni kinacholia. Sisi wa huku tuna jambo letu. Ukimkosea mtu mpaka huna maneno, unachukua jani la isale, lile refu la mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya vihamba, mashamba yetu ya migomba, unalifunga fundo, unampelekea. Aliyeletewa isale hapaswi kukufukuza. Lazima akusikilize na akusamehe. Nikakata jani mpakani, nikapanda gari kwenda Sanya Juu nikiwa nimelishika kama mwendesha baiskeli aliyepoteza baiskeli akabaki na kengele.

Mama Aikande aliliona kabla hajaniona mimi. Akaweka sindano chini. Wanawake wote wakaacha kushona. Mashine ilikuwa imeshaacha kazi, kwa sababu yangu.

“Zote?” akauliza.

“Zote, Mama.”

“Na ya mlima?”

“Na ya mlima.”

Alilipokea jani kwa mikono miwili, akalitazama fundo, akaliweka juu ya kabati. “Isale nimelipokea,” akasema. “Mila ni mila, nimekusamehe. Lakini isale halifumi sweta. Kazi hii hutaiacha mpaka shule ivae.”

“Meku,” Ndeshi akaniita, na huko kwetu meku ni mzee wa kiume, neno la heshima, ila yeye alijua kulipinda. “Wengine huleta isale na mbuzi. Wewe umeleta jani tu. Ungeleta hata hiyo diski tuitundike bustanini ifukuze ndege, kama tulivyofanya ile nyingine.”

“Ile nyingine ipi?”

Tukatoka wote nje. Kwenye bustani ya mboga, juu ya kamba, kati ya sukuma wiki na mnafu, ilikuwa inaning'inia ile CD ya programu iliyokuja na mashine. Ilikuwa inang'aa na kuzunguka. Ndege hawakuwepo, hilo nalikubali.

Kila kitu sasa kilikuwa kwenye kile kisahani. Nembo zilikuwa zimepotea, lakini kama programu ingekubali kuingia, zingeweza kuchorwa upya. Kama isingekubali, hapakuwa na pa kuchorea, na Mama angewaambia wanawake wale wanane warudi kwenye majembe.

CD iliyochafuka hairudishwi kwa dawa ya meno, hata kama mmeona video. Ioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, uikaushe kwa kitambaa laini, na ufute kutoka katikati kwenda ukingoni, mistari iliyonyooka kama miale ya jua. Usizungushe. Mikwaruzo ya kuzunguka ndiyo inayoua. Kisha ijaribu kwenye kila kisomeo utakachopata, kwa sababu vinatofautiana kama masikio ya watu. Nilizunguka nayo Moshi nzima, na kilichokubali kuisoma kilikuwa cha kompyuta mbovu iliyokuwa inazuia mlango wa duka la rafiki yangu. Safari hii sikwenda kula. Nilikaa pale mpaka nakala ikamalizika, nikaiweka kwenye flashi mbili. Elinami alikuwa ameshafariki, lakini nilihisi amesimama nyuma yangu.

Nikarudi Sanya Juu na kompyuta mpya. Mama akanipa kona, kiti na bakuli la mtori, supu yetu ya ndizi, akaniambia kazi ifanyikie pale mbele ya macho yake.

Ukuta wa kwanza ulikuwa mdogo. Kompyuta pepe ilikataa hata kuanza. Hilo ni jambo la kawaida sana, na nusu ya simu zenu ni hilo. Kompyuta nyingi huja zikiwa zimefungiwa uwezo wa kubeba nyingine tumboni. Unaizima, unaiwasha ukibonyeza kitufe cha kuingilia mipangilio yake ya ndani, unautafuta uwezo huo, unaufungua. Basi. Mfumo wa zamani nikauingiza, ukakubali, ukatoa ule mlio wake wa kuamka. Wanawake wakageuka. Mama alisema ni kama kusikia sauti ya mtu uliyemzika.

Ukuta wa pili ndio ulionimaliza. Niliianzisha programu ya kufuma, ikaenda vizuri mpaka karibu na mwisho, ikasimama: nafasi kwenye diski haitoshi. Nikafunga ujumbe. Kwenye kompyuta pepe diski si kitu cha kushika, unaitengeneza kwa ukubwa unaoutaka. Nikatengeneza kubwa zaidi. Nafasi haitoshi. Nikafunga ujumbe, nikaiongeza mara mbili. Nafasi haitoshi. Kesho yake nikaipa diski kubwa kuliko kompyuta zote nilizotengeneza ujanani zikijumlishwa. Nafasi haitoshi.

“Inakula nini hii?” Mama akauliza.

“Ina njaa ya zamani,” nikajibu, nikapeleka kidole kuufunga ujumbe.

Ndeshi alikuwa amesimama nyuma yangu akisubiri mashine yake ipate uhai. “Meku, usifunge hiyo,” akasema. “Kila ikitokea unaifunga kama unafukuza kuku. Hapa mwisho pana alama ya kutoa.”

“Alama gani ya kutoa?”

“Si hii hapa. Inasema nafasi iliyopo ni kutoa, halafu namba ndefu. Chumba kinawezaje kuwa na nafasi ya kutoa?”

Nikavaa miwani. Kweli, programu ilikuwa inaeleza kuwa nafasi iliyopo ni pungufu ya sifuri. Nikacheka mpaka mtori ukapoa. Waliotengeneza programu ile waliishi zama za diski ndogo. Waliipa vidole vichache vya kuhesabia. Ukiiwekea nafasi kubwa kupita vidole vyake, hesabu inapinduka, inaangukia upande wa kutoa, nayo inalia njaa ikiwa imekaa ghalani. Mimi nilikuwa nimeitibu kwa kuzidi kuijaza. Nikatengeneza diski ndogo, ndogo ya aibu, ya kuweka picha chache tu za harusi. Nikaingiza mfumo upya, nikaianzisha programu. Ikapita pale ilipokuwa ikisimama.

Andikeni hilo mahali. Programu ya zamani ikilalamika nafasi, jaribuni kuipunguzia kabla ya kuiongezea.

Nilikuwa na furaha mno. Programu ilikuwa inauliza maswali ya mwisho, unaweka wapi, jina la mtumiaji ni nani, na mengine, nami nikabonyeza endelea, endelea, endelea, kama mtu anayeitikia amina za mwisho huku ameshashika kofia. Ikamaliza bila kosa lolote. Nikanakili kompyuta pepe yote kabla ya kuendelea, kwa sababu hilo angalau nilikuwa nimelijifunza.

Kisha tukachora. Mama alikusanya sweta za zamani kutoka kwa watoto wa ndugu, majirani na gunia la matambara. Yeye alihesabu vitanzi kwa ncha ya sindano, mimi niliviweka kwenye kioo. Ilikuwa kazi ya siku nyingi, na tulizipata karibu nembo zote. Moja ilishindikana. Ilikuwa pindo la migomba alilolibuni kwa ajili ya wanawake wenzake wa kanisani, na sweta ya mwisho yenye pindo hilo ilikuwa imeliwa na panya. Nilijaribu kulichora kwa maelezo yake. Alikiinamia kioo.

“Hiyo ni migomba ya Bukoba,” akasema.

Nikajaribu tena.

“Hiyo ni mikonge.”

Akaniambia niache. Hakunigombeza, na ingekuwa afadhali angenigombeza. Pindo lile halipo tena duniani, na ni mimi nililiondoa kwa kidole kimoja, nikaenda kula.

Nembo ya mlima tulianza nayo na ilitoka vizuri. Nikaunganisha ule waya mnene kwa kiunganishi kidogo cha dukani, mashine ikaanza kunguruma, na picha ikaanza kujitokeza. Nilitundika sweta ya zamani kwenye msumari pembeni nikalinganisha. Vilele viwili na kitabu chini yake, kushoto kwa kushoto, kulia kwa kulia. Pacha.

Ndeshi aliinamisha kichwa. “Meku, mbona leo imekaa sawa? Siku zote nikiwa hapa kwenye mashine naiona imegeuka.”

“Kompyuta mpya, akili mpya,” nikamwambia. “Fuma.”

Akafuma. Wengine wakashona mikono na shingo. Ndani ya wiki tatu magunia yalikuwa yamejaa, Mama akayapeleka Moshi, mimi nikarudi nyumbani nikiwa fundi tena. Asubuhi iliyofuata simu ikaita.

“Njoo shuleni,” Mama akasema, akakata.

Mwalimu mkuu alikuwa ametandika sweta mbili mezani, ya zamani na mpya. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ulinitisha.

“Mzee, shikamoo. Hebu njoo dirishani.” Mlima siku hiyo ulikuwa wazi wote. “Kibo iko upande gani?”

“Kushoto.”

“Na Mawenzi?”

“Kulia.”

“Sasa soma hii sweta yako.”

Nikaitazama. Mawenzi ilikuwa kushoto, imechongoka vizuri kabisa, na Kibo kulia.

“Huu mlima naujua,” mwalimu akasema. “Niliuona nilipokwenda kumtembelea shemeji yangu Loitokitok. Huu ni mlima unavyoonekana kutoka Kenya. Mzee, nitawaambia nini wazazi? Kwamba shule imehama?”

Mashine ya kufuma hukupa mgongo wa sweta. Unachokiona ukiwa umesimama pale ni nyuma ya kitambaa, ndiyo maana Ndeshi siku zote aliiona picha imegeuka, na ndiyo maana kwa mbele ilitoka sawa. Moja ya yale maswali niliyoyaitikia amina lilikuwa linauliza kama picha igeuzwe kwa ajili ya mashine ya aina hiyo. Mimi nilisema endelea. Na wanawake wa Sanya Juu wasingegundua kwa macho, kwa sababu kule mlima unauona kwa ubavu. Kibo imejaa mbele na Mawenzi imejificha nyuma yake kama mdogo mtu mwenye deni la ugomvi. Kwao, kilele cha pili kikae kushoto au kulia ni habari ya watu wa mjini. Aliyezaliwa akiutazama mlima ule kutoka Moshi, na akaulinganisha na sweta msumarini bila kuwaza, alikuwa mtu mmoja tu.

Makosa yanayopiga kelele ni marafiki zenu. Diski ikikosa nafasi inasema, uwezo ukifungwa unasema, CD ikichafuka inasema. Ogopeni programu iliyoingia kimya kimya bila kugomba. Hiyo iendesheni kwa kazi moja ndogo, muichukue kazi hiyo mkaiangalie mbele na nyuma, mkiwa na mtu atakayeitumia, na akisema mbona leo imekaa sawa, nyamazeni mumsikilize.

Mwalimu mkuu alitupa mpaka siku ya kufungua shule kwa watoto wa kidato cha kwanza, na wiki mbili zaidi kwa waliobaki. Zaidi ya hapo, alisema, kuna tajiri mjini aliyeshamletea sampuli.

Tulirudi Sanya Juu na magunia yote. Mpangilio ule haukuwa na mahali pa kuubadilisha baadaye, ilibidi programu iingizwe upya tangu mwanzo. Niliweka kiti kando ya kompyuta, nikamkalisha Ndeshi. Kila swali lilipotokea nililisoma na kulieleza neno kwa neno, na hakuna aliyebonyeza kitu mpaka yeye na Mama wamekubaliana. Swali la kugeuza picha lilipofika, Ndeshi alibonyeza mwenyewe.

Halafu tukafumua. Kufumua sweta si kazi ya kijinga kama mnavyodhani. Lazima uupate uzi wa mwisho, ukiukosa unakata na kuharibu. Mimi nilipewa kiti cha chini na gunia langu. Kutwa nzima nilivuta milima ya Kenya ikawa mabonge ya uzi, na wanawake walikuwa wakiimba huku wakiniletea vifua vingine.

“Fundi, umefika Nairobi?” mmoja aliuliza.

“Bado yuko Namanga,” Ndeshi akajibu. “Wamemzuia, hana pasipoti.”

Watoto wa kidato cha kwanza walivaa siku ya kufungua. Waliobaki walivaa wiki ya pili, na karakana ikabaki na shule yake. Kompyuta pepe Mama aliitaka nakala tatu, moja ya kwake, moja ya Ndeshi, na moja akampelekea mchungaji, aliyeiweka pamoja na vyombo vya meza ya Bwana bila kuuliza. Mimi hakunipa. Sikumwuliza kwa nini.

Mwezi uliopita simu iliita, ilikuwa Ndeshi. Alikuwa hajanipigia tangu wakati ule, nikaanza kutafuta miwani na viatu kwa pamoja.

“Meku, shikamoo. Ile kompyuta imeleta dirisha, imeandika maneno mengi.”

“Marahaba. Usibonyeze kitu. Nakuja. Imeandika nini?”

“Ilikuwa inataka nafasi ya kuhifadhi nembo mpya, inasema haitoshi. Nimeisoma yote, mara mbili. Nikaona nafasi kweli imejaa, siyo ile ya kutoa. Nikanakili kwanza, nikahamisha nembo za zamani kwenye flashi, ikakubali. Sasa hivi tunafuma.”

Nikakaa chini, kiatu kimoja mguuni. “Basi mbona umenipigia?”

“Mama amesema nikwambie usije.”